Samaki Wanaokaa

Jamani, nimechoka. Hata kucheka siwezi.

Wiki nzima naandaa tangi la samaki hapa sebuleni kwangu Mpanda. Kioo, chujio, taa, pampu ya hewa. Kokoto nimeziosha mpaka vidole vimechubuka!

Nikampigia shemeji yangu, mvuvi kule Kapalamsenga: "Niletee samaki wadogo, wale wanaokaa muda mrefu."

Leo kafika, vumbi mpaka kwenye kope. Kafungua ndoo.

Dagaa wakavu.

"Hawa, shemeji, wanakaa hata miezi sita!"

Nikakaa chini. Yeye kageukia tangi, akaona pampu inavyotoa mapovu.

"Kumbe maji umeshabandika. Niwatie?"

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nimeenda kutafuta nyanya.