Ngozi ya Ng'ombe wa Udongo

Mwezi jana, katika duka moja la vitu vya kale huko Nanyuki, nilimwona ng'ombe. Ng'ombe wa udongo, wa kutosha kiganjani, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, anang'aa kama aliyepakwa samli. Mkia wake umepinda hadi mgongoni ukawa mpini, mgongoni pana tundu lenye kifuniko, na mdomo uko wazi wa kumimina maziwa. Muuzaji akaniambia ametengenezwa Uingereza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, nimshike polepole. Nikamshika, nikafunua kifuniko, nikaingiza pua.

"Mama, unanusa nini?"

Nikamjibu, natafuta moshi. Alinitazama vile watu humtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

Wacha nikueleze, rafiki yangu, ingawa si hadithi ya kujivunia.

Nyanya yangu, akko kama tunavyosema sisi Waborana, alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo nyumbani kwetu Chechelesi, miaka ya sabini. Zamani alikuwa akimpelekea maziwa mke wa Mzungu mmoja, daktari wa mifugo, na Wazungu hao walipofunga virago wakamwachia chombo hicho. Ng'ombe wa kweli wa akko walikuwa wameisha wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa miaka ya sitini. Alibaki na huyo wa udongo, tena wa pembe moja.

Yule mama Mzungu hakumwambia kwamba chombo kile huoshwa kwa sabuni. Akko alimtunza kama alivyotunza vibuyu vyake vya maziwa: kwa moshi. Alichoma kijiti cha mzeituni mwitu, akatumbukiza kaa la moto kwenye tundu la mgongoni, akafunika, na moshi ukatoka mdomoni. Sisi watoto tulicheka hadi tukagaagaa chini! Kisha akapangusa, akatia maziwa, na chai ya Ijumaa ikanukia hadi kwa jirani. Jirani mwenyewe, mcha Mungu kwelikweli, alimwambia haifai kuweka sanamu nyumbani. Akko akamjibu, "Sanamu gani inatoa maziwa? Lete kikombe." Akaleta.

Nilipoingia darasa la tano, akko akaniazima yule ng'ombe. Kwetu, mtu asiye na mifugo huazimwa ng'ombe na ndugu yake. Maziwa anakunywa, lakini ng'ombe si wake. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenye mali ngozi aione, ajue hukumuuza. "Maziwa ni yako," akko akaniambia, "yeye mwenyewe ni wangu." Niliringa wiki nzima.

Mwaka huohuo shule yetu ilialikwa kuimba Meru, na mwalimu wa nyimbo akasema asiye na viatu atasimama nyuma. Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo, nisimame nyuma? Binti wa mwenye duka la vitambaa alikuwa na viatu vyeusi vilivyoanza kumbana, na alimtamani ng'ombe wangu tangu siku alipomwona akitoa moshi. Tukabadilishana nyuma ya choo cha shule. Sikulazimishwa wala sikudanganywa. Nilimtoa kwa mkono wangu, tena nikitabasamu. Nyumbani nikasema viatu nimeazimwa na mwalimu. Nikaimba mbele, vidole vikiniuma, wala hatukushinda.

Akko alipouliza ng'ombe yuko wapi, nikasema ameanguka, amekufa. Hakufoka. Aliendelea kuchambua maharagwe, akasema, "Ng'ombe hufa. Leta ngozi."

Loo! Ngozi sikuwa nimeifikiria. Nilikimbia hadi jalalani, nyuma ya hoteli ya chai, nikafukua vigae vya bakuli jeupe lenye maua ya kahawia, nikavisuuza mferejini, nikampelekea. Alivipokea kwa mikono miwili. Akachukua kimoja, akakinusa. Akachukua kingine, akakinusa pia.

"Nimeiona ngozi," akasema, akavifunga kwenye leso kuukuu na kuviweka sandukuni.

Mimi nikajiona mjanja. Jirani alipoanza kunong'ona kwamba nimemuuza ng'ombe wa watu, akko alimkata kauli: "Ngozi nimeletewa. Umesikia?" Neno la akko mtaani kwetu halikuwa na wa kulipinga. Siku zote alipenda kutuambia njia ya mwongo ni fupi. Safari hiyo hakuniambia.

Miaka ya themanini niliolewa Kinna. Akko alikuwa amepata tena ng'ombe wachache, akanipa mtamba mwekundu. Wanawake wakipiga vigelegele, akaninong'oneza sikioni: "Huyu si wa kuazima. Ni wako kabisa. Usije ukaniletea ngozi."

Hapo ndipo nilipoikumbuka pua yake juu ya vile vigae. Bakuli la hotelini halijawahi kuona moshi! Alijua tangu siku ile, na miaka yote hiyo alinipikia, akanisuka nywele, akaniombea. Uso uliniwaka kwa aibu, watu wakadhani ni haya za bibi harusi.

Ukame ulipokuja, mtamba wangu alikufa kabla hajazaa. Nilipanda lori na ngozi yake hadi Chechelesi. Macho ya akko yalikuwa yamefifia. Akaipapasa ngozi, akagusa alama yake ya sikioni.

"Si nilikwambia usilete?"

"Uliniambia, akko."

"Basi?"

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote: viatu, choo, jalala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniagiza nilete sanduku. Akaitoa ile leso, akaniwekea mkononi.

"Hii ngozi nimeipokea," akasema. "Hivyo vigae virudishe ulikovitoa."

Sikuvirudisha siku ile. Niliona haya kupita mtaani navyo, nikasema nitavipeleka siku nyingine. Akko akatutoka. Hoteli ya chai ikabomolewa, na juu ya jalala pamejengwa ghorofa ya maduka. Mtaani siku hizi chai ni ya maziwa ya pakiti, yasiyo na harufu yoyote. Vigae ninavyo kabatini, ndani ya leso ileile, na pa kuvirudisha sina.