Kengele ya Kambi Tano

Sisi tuliokulia kambi za mkonge upande wa Kilosa, tuliokimbia pekupeku juu ya mataruma ya reli kabla hatujajua kusoma, leo mnivumilie. Nina hasira. Binti yangu Nuru, darasa la nne hapa Mikumi, juzi karudi na kazi ya shule: habari za kijiji kidogo cha Ufaransa. Kaisoma mpaka kaikariri. Kijiji kina mto, kina kilima, kina mkate unaookwa alfajiri, na kina kengele ya kanisa inayowaambia watu saa ya kuamka na saa ya kula tangu enzi za mababu. Sina ugomvi na Wafaransa. Ila mwalimu kawaambia sasa waandike habari za kijiji chao wenyewe, na mtoto niliyemzaa mimi ananitazama usoni anasema, "Mama, si nichukue hiki hiki cha Wafaransa nibadilishe jina tu? Kwetu hakuna kitu."

Kwetu hakuna kitu! Niliuweka mwiko chini, maana nilikuwa nao mkononi.

Kaa hapo, nikamwambia. Sikiliza.

Kambi Tano, nilikokulia mimi, iko kati ya milima na mto. Jua linazama nyuma ya Rubeho, Mkondoa unapita chini, na asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Uluguru kwa mbali, bluu kama imechorwa. Kabla ya mkonge hapo palikuwa njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita kwenda pwani, wakalala kwa Wasagara wa bibi yangu, wakala chakula chao, na waliokufa wakazikwa hapo hapo. Ndiyo maana mpaka leo Msagara na Mnyamwezi ni watani: wanatukanana mchana kutwa na hakuna anayeruhusiwa kununa, na mmoja akifa mwenzake ndiye anayekuja kufanya vituko msibani. Baadaye akaja Mjerumani na reli, akaja Mgiriki na mkonge, serikali ikauchukua mkonge, halafu tukaja sisi, watoto wa wakati wa ruksa, wakati serikali ilipoanza kuuza ilichokuwa imekichukua.

Mnakumbuka ile harufu? Maji ya kijani yanayotoka korona. Nasema korona mashine ya kuchambua mkonge, si ugonjwa, ilikuwepo kwetu kabla ya huo ugonjwa kupata jina. Mgeni akishuka tu anaziba pua, sisi tunamcheka, maana kwetu hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Tulipanda toroli tupu za mkonge kwenye mteremko, zikashuka kwenye vile vireli vyake zikilia, na msimamizi anatukimbiza nyuma na matusi ya kabila lake. Kamba zetu za kuruka tulizisokota wenyewe. Wanasesere wetu walikuwa na nywele za singa, nyuzi za mkonge, nyeupe, ndefu mpaka miguuni, na kwenye hizo singa ndipo tulipojifunza kusuka. Siku hizi msichana ananunua rasta za bei mbaya, halafu anakaa saluni siku nzima kusubiri kusukwa na mtu mwingine, kama mikono yake ni ya mapambo. Na kambale wa Mkondoa na mlenda, ugali wa dona wa moto! Nuru akiona mlenda anauliza kama umeharibika.

Lakini kilichotuamsha, kilichotulaza, kilikuwa king'ora cha kiwanda. Cha alfajiri kikilia wakataji wanaondoka. Kikilia tena mama zetu wanabandika maharage, na walimu wanatutoa shule. Kambi nzima hakuna aliyekuwa na saa ya ukutani, ya nini?

Siku moja hakikulia. Shamba limeuzwa, tukaambiwa, mwenye nalo mpya atakuja. Hakuja. Kiwanda kikafungwa, na kambi ikapotea njia mchana kweupe. Maharage yakaungua. Mwalimu mkuu akaamua tuanze masomo gari moshi la abiria likipita kwenda bara, na sisi tulivyo watiifu tukakaa chini ya mkwaju wa shule, madaftari mapajani, kusubiri treni. Treni ikachelewa. Ikachelewa mpaka jua la utosini, tukaingia darasani, tukaimba wimbo wa asubuhi, tukatoka. Sisi tulifurahi. Wakubwa hawakufurahi. Watu walianza kufunga virago, wengine Dumila, wengine Dar, wakisema kambi bila king'ora ni pori.

Bibi yangu Chausiku, mzaa mama, alikuwa Msagara mfupi mwenye sauti kubwa. Yeye alikuwa na jibu moja: "Mimi king'ora kilinikuta hapa. Hakikunileta."

Halafu likaja lori la chuma chakavu. Vijana wakang'oa vireli vyetu vya toroli, wakapakia, na wanaume wa kambi wamesimama mikono nyuma wanatazama, kwa sababu bwana wa lori alikuwa na karatasi yenye mhuri. Bibi akatoka na kanga yake kiunoni. Hakuuliza karatasi. Alimsikiliza yule bwana anavyoongea, akauliza, "We baba, kwenu wapi?"

"Tabora, mama. Shikamoo."

"Marahaba nimeimeza! Mnyamwezi!" Bibi akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. "Mtani wangu huyu! Jamani njooni mwone, babu yake alibeba meno ya tembo ya watu, na yeye kaja kubeba vyuma vya watu!"

Bwana akaanza kucheka kabla hajataka kucheka. "Ninyi Wasagara mngekuwa na akili mngeviuza wenyewe. Shuka mama, usiniletee uchuro."

Maana bibi alishapanda kwenye lori. Akajilaza juu ya vyuma, chali, akajifunika kanga uso.

"Mimi nimekufa," akasema kutoka ndani ya kanga. "Huu ni msiba wa kambi. Umeona wapi mtani anaondoka na maiti bila kutoa kitu? Washa gari twende, unizike kwenu Tabora, mke wako anipikie!"

Kambi ilicheka. Miezi hatujacheka vile. Yule bwana alizunguka lori lake, akabembeleza, akatukana, akatukanwa, jua likasogea, na bibi hafufuki. Angemshusha kwa nguvu angefika Tabora na aibu ya kumtupa mtani chini. Mwisho akavua kofia. "Haya, marehemu. Unataka nini?"

Kanga ikafunuka jicho moja. Bibi akanyoosha kidole kwenye reli kubwa nene iliyokuwa imepakiwa humo loriini, si vile vireli vyembamba vya toroli. Vijana wakakata kipande cha urefu wa mkono wakakishusha, na yule bwana mwenyewe ndiye aliyepanda kukifunga kwenye mkwaju wa shule, huku bibi chini anamwambia fundo lake ni la kufungia mbuzi.

Kuanzia hapo bibi alikuwa anatazama kivuli cha mkwaju, anagonga. Sauti ilifika mpaka ng'ambo ya mto. Maharage hayakuungua tena. Shule haikufungwa, na waliokuwa wamefunga virago wengi walivifungua, wakalima mahindi na ufuta kwenye mashamba yale yale ya mkonge.

Bibi alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Tumebeba jeneza, tumefika mkwajuni, mzee mwenye mvi kalala katikati ya njia, chali, shati safi. "Hapiti mtu. Nirudishiwe chuma changu kwanza." Tulilia na kucheka kwa wakati mmoja. Wajomba wakamkomboa kwa kuku, akainuka, akajifuta vumbi, akaenda kuigonga ile reli yeye mwenyewe, polepole, mpaka tulipofika makaburini.

Sasa kila mtu ana saa kwenye simu na kila mtu anachelewa. Treni za abiria siku hizi hazimwamshi mtu, mkonge umekuwa malisho, korona imebaki kuta, na watoto wetu wanajua kengele ya Ufaransa inavyolia.

Nuru alikuwa ameacha kalamu. "Hicho chuma bado kipo?"

"Kipo."

"Nani anakigonga?"

Hilo silijui. Nikamwambia Jumamosi tunapanda basi, akakigonge mwenyewe. Akigonge kwa nguvu, saa ambayo si yake, halafu asimame pale pale atazame milango. Hao watakaotoka mbio kumuuliza yeye ni mtoto wa nani, awaandike hao.