Ndege wa Bure Aliyekula Akiba ya Akina Mama

Mkosaji ni mimi. Benki haikukosea, na wale mama watatu niliowaacha watazamane kwa jicho baya hawakukosea hata kidogo.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha mapema, nikapita Tunduru, Mbinga na Njombe nikifanya kazi yoyote iliyojitokeza. Udadisi tu ndio haujawahi kuniacha. Nikafikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Mfaranyaki hapa Songea, nikamwambia nakaa wiki moja. Miezi ikapita.

Shangazi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Zamani akiba yao ilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mama yake. Walipohamia benki hawakutaka kuiacha desturi hiyo, wakaigawana namba ya siri ya kadi. Shangazi anajua mwanzo wake, Mama Haule katikati, Mama Mapunda mwisho. Kwenye ATM husimama wote, kila mmoja akibonyeza ya kwake huku wenzake wakitazama pembeni. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kadi yenyewe ilikaa kabatini, nyuma ya glasi za wageni.

Sasa, kulikuwa na ndege. Kila asubuhi aliimba nyuma ya jiko, nami nikataka kumjua jina. Nikapata programu ya simu inayotambua ndege kwa sauti. Mwanzo ni bure, ila uweke namba za kadi. Mimi sina kadi. Nikaenda kabatini, nikanakili namba za mbele na zile tatu za nyuma. Namba ya siri haikuulizwa, nikajiambia: bila hiyo, nani atachukua kitu?

Programu ikamsikiliza ndege wetu, ikasema ni bundi. Ikamsikiliza jogoo wa jirani, ikasema ni bundi tena. Nikaifuta kwenye simu kwa hasira, nikasahau.

Kumbe kufuta programu si kujitoa. Kila mwezi ilikuwa inakata pesa, maana mtandaoni namba zile za kadi zatosha bila ya siri.

Shangazi alipoleta taarifa ya benki kwenye kikao, kulikuwa na jina la kizungu lisilotamkika, limejirudia mwezi hadi mwezi; akalisoma herufi kwa herufi.

"Hizi katoa nani?" akauliza Mama Haule.

"Bila sisi watatu hakitoki kitu," akajibu shangazi.

"Ndiyo maana nauliza. Labda kuna mtu ameacha kutazama pembeni."

Mama Mapunda akasema kadi inalala kwa shangazi, basi aiweke mezani na hazina apewe mwingine. Shangazi yangu, ambaye aliwahi kwenda Majengo kwa miguu kurudisha chenji iliyozidi, aliitoa kabatini, akaiweka mezani.

Mimi nilikuwa uani namenya mihogo, nasikia yote. Nikalitafuta lile jina kwenye barua pepe zangu. Lilikuwepo: "Asante kwa kujiunga." Lilikuwa jina la kampuni, wala si la programu. Hakuna aliyejua ila mimi. Naungama na hili pia: nililitazama begi langu la safari.

Kisha nikaingia ndani. "Shikamooni mama zangu. Mwizi mnaye hapa."

Nilipomaliza kueleza, Mama Haule aliinama, mabega yakitikisika. Nikadhani analia.

"Yaani mwanangu," akasema akifuta machozi ya kicheko, "tulitaka kumvua mwenzetu hazina kwa sababu ya bundi?"

Nikahukumiwa kulipa yote kwa kufyatua matofali, na nisihame Songea mpaka nimalize. Kwa mtu kama mimi, hicho ni kifungo. Kadi ikarudi kwa shangazi palepale.

Kesho yake nilifungua orodha ya huduma nilizojiunga kwenye simu, nikajitoa rasmi. Benki wakaifunga kadi ile, wakatoa mpya iliyozuiwa manunuzi ya mtandaoni. Sasa kila pesa ikitoka, simu ya shangazi inapata ujumbe.

Jioni nikamuuliza kama bado amekasirika.

"Kidogo," akasema. "Huyo ndege ni kurumbiza. Si ungeniuliza."

Basi ndugu yangu, kitu cha bure kinachotaka kadi si cha bure. Namba zilizo kwenye kadi ni ufunguo, usizianike. Ukijiunga mahali, jitoe palepale ulipojiungia. Na kabla hujaiuliza simu, waulize kwanza walioko jikoni.