Uso wa Vunjajungu

Enzi hizo tulikaa Maposeni. Siku moja mama alinituma nipeleke chungu kwa shangazi, Peramiho. Njiani mama mmoja niliyepishana naye akaniambia, "We mtoto, usitikisike, una vunjajungu ukingoni mwa chungu." Yule mdudu wa kijani anayekunja mikono kama anasali. Kwetu ukimuua, chungu utakachoshika lazima kivunjike. Basi sikumfukuza. Nilitembea shingo imenyooka, nikibana pumzi, mpaka mlangoni kwa shangazi. Akacheka, akanipa kande. Kande za siku hizo zilikuwa na karanga za kweli, si hizi za sasa, lakini hayo tuyaache.

Sasa nimezeeka, nakaa Songea mjini. Binti yangu kaniletea simu ya kupapasa, pamoja na kijilenzi cha kubana juu yake kama kibanio cha nguo. Ukimsogelea nacho sisimizi, anakuwa ng'ombe. Nikaanza kutambaa kwenye maharage yangu kila asubuhi.

Kijiweni kwetu kwa bao, mtani wangu, Mbena, alifurahi mno.

"Mngoni akiishiwa ng'ombe anachunga panzi!"

Bwana huyu tumezozana miaka na miaka nani mkubwa. Yeye hudai ni kaka yangu, nami humwamkia ili mchezo uendelee. Inaniuma, nisiseme uongo.

"Picha zako zote moshi mtupu," akasema. "Niletee uso wa vunjajungu, nione macho. Ukiuleta, mimi ndiye nitakuamkia wewe. Ukishindwa, simu umrudishie mtoto wa watu, uache kutuaibisha."

"Nimekubali."

"Mashahidi mpo?"

Walikuwepo, tena wengi.

Mwezi wa sita Songea baridi inang'ata, na mdudu mwenye baridi haruki upesi. Hilo ndilo nililolitegemea. Nikamkuta vunjajungu mmoja juu ya jani, kalowa umande. Nikalala kifudifudi. Mkono ukatetemeka: moshi. Nikarudia: moshi. Akageuza kichwa, akanitazama. Ndipo nikakikumbuka kile chungu. Nikanyoosha shingo, nikabana pumzi, nikawa mtoto mwenye mzigo kichwani. Nikabonyeza.

Jamani! Macho mawili kama zabibu mbichi, kila moja na kidoti cheusi. Mdomo ule pale. Na kwenye paji la uso tone la umande, ndani ya tone kofia yangu, imepinduka juu chini! Matope yalinijaa mpaka kidevuni, nikaenda kijiweni hivyo hivyo.

Mtani akaishika simu, akaisogeza machoni, akairudisha nyuma.

"Mbona ananitazama mimi?"

"Anasubiri salamu."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mtani akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

Ah, utamu wake! Wakanivutia kigoda, maana zamu yangu ya bao ilikuwa imefika. Nikachukua simu yangu, nikaondoka. Sijarudi tena pale, maana nikirudi tutaanza upya kuzozana nani mkubwa, na shikamoo ile nataka ibaki ya mwisho.