Pedeli za Pikapu ya Baba

Fundi wa Makambako hakujisumbua na mita ya kilomita. Aliinama, akachungulia chini ya usukani, akacheka.

"Msomi, si umesema gari halijatembea sana? Mbona raba ya breki imeisha hivi?"

Sikuwa nimemdanganya makusudi. Mita ilikufa miaka mingi iliyopita, nami nilisoma namba niliyoikuta. Pedeli ndizo zilizosema kweli. Baba alizikanyaga kwa miguu mitupu kila safari, akipakia viazi Ipelele na kuvishusha Makambako. Mabuti aliyavua kwa sababu tope la Makete huteleza. Pale lilipokaa dole gumba la mguu wa kulia, raba ilikuwa imebonyea kama udongo mbichi.

"Zifunike kwa vyuma," fundi akasema. "Mteja wangu anakuja kwenu Njombe Jumamosi. Akiziona hizo, anapanda basi anarudi."

Nikanunua vifuniko vitatu vya alumini, vya bei ya chini, laini, vinavyong'aa.

Nilitaka gari liuzwe niondoke. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa msiba, na mwezi wa tatu ulikuwa unakatika. Baba alifia uani, hatua chache kutoka kwenye pikapu hiyo hiyo, tangi likiwa na mafuta na ufunguo ukiwa mezani. Hakukuwa na wa kuendesha. Mama alikimbilia barabarani ndani ya ukungu kutafuta gari, na aliporudi na mtu, ilikuwa basi tena. Nilipomuuliza kama tuiuze alijibu, "Wewe ndiye msomi." Nikaichukulia kuwa ndiyo.

Kazi ya kuvifunga ilinimalizia mchana mzima. Unalala chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Unatoboa juu ya raba, unapitisha bolti, unakaza nati kwa nyuma kwa vidole usivyoviona. Nilipotoboa ile ya breki ilitoka harufu ya tope na jasho, na kwa muda nikahisi mtu ameketi kwenye kiti juu yangu, anangoja nimalize. Nilitoka kuangalia. Hakuna mtu. Nikajicheka, nikarudi chini.

Kesho yake ukungu ulishuka hadi kwenye bati. Sakafu ya ile pikapu imeliwa na kutu, unyevu huingia unavyotaka, na vyuma vyangu vipya vilikuwa vimelowa umande. Katikati ya umande, juu ya breki, kulikuwa na alama za vidole vitano vya mguu.

Mimi huendesha na viatu. Nikajieleza kama nilivyozoea: mafuta ya ngozi hubaki kwenye chuma, na umande ukitua, alama huonekana. Maelezo yalikuwa mazuri, ila hayakusema ngozi ni ya nani. Nikavipangusa vyote kwa spiriti, nikafunga milango, nikaulalia ufunguo. Asubuhi alama ilikuwa imerudi, na klachi nayo ilikuwa na yake. Mguu wa kushoto.

Nilimwambia mama tukinywa chai. Hakushtuka.

"Baba yako alipenda kuamka mapema," alisema.

"Mama, marehemu hana miguu."

"Umemuuliza?"

Jumamosi niliamka kabla ya kengele ya misa. Nje, kwa ukungu, sikuona hata mlango wa jiko. Kutoka upande wa gari nikasikia breki ya mkono ikivutwa, jino baada ya jino, taratibu, vile vile alivyoivuta baba. Nilitembea kuifuata ile sauti kwa sababu kurudi ndani kungekuwa aibu. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani. Nyuma ya usukani aliketi mtu mwenye koti la baba, kola imesimama, uso umeelekea mbele, kusikoonekana kitu.

Yote niliyosoma chuoni yalinitoka.

"Baba?" nikaita.

Mlango ukafunguka. "Punguza sauti, utaamsha majirani," mama akasema. Kandambili zake alikuwa amezipanga vizuri chini, nje ya gari. Kwenye fundo la kitenge chake ulining'inia ufunguo wa pili, ambao sikujua kama upo.

"Unafanya nini humu?"

"Najifunza." Hakunitazama. "Miaka yote hiyo nilikaa kando yake nikiangalia miguu. Klachi, gia, achia polepole. Siku ile nilijua kila kitu. Nilijua, nikaogopa, nikakimbilia barabarani."

Niliinama, nikaangalia miguu yake mitupu juu ya pedeli.

"Na hivi vyuma vyako vinateleza," akaongeza. "Vitoe."

Nilimpigia fundi, nikamwambia mteja asisafiri.

"Mama kakataa kuuza?"

"Mama ndiye dereva."

Alicheka sana. Nikakata simu, nikachukua spana na bisibisi. Nilipomaliza, raba zilibaki na matundu ya bolti, lakini mama alizikanyaga akaridhika. Nilikaa upande wa abiria. Injini ikawaka. Nikamwambia awashe taa. Akasema taa kwenye ukungu humrudia mtu machoni, na kwamba njia anaijua. Akaachia klachi. Gari likaruka, likatulia, likaanza kwenda. Sikuona ua, sikuona mgomba, sikuona kitu.

"Mama, simama hapo langoni."

Hakusimama.