Chujio la Kavinya na barua za hongera

Saa moja kasorobo asubuhi. Voi bado haijachangamka, lakini Kavinya Nzau ameshafungua nusu mlango wa saiba yake, kiduka cha intaneti, na kuingia. Hajafagia. Hajawasha mashine ya kupiga kopi, ambayo hujivuta kupata joto. Ameketi mbele ya kompyuta moja kati ya tatu alizo nazo, na kitu cha kwanza anachofungua ni pipa la taka.

Si lile pipa la nje la maganda ya ndizi. Ni lile lililo ndani ya barua pepe, ambako barua zisizotakiwa hutupwa, zikakaa siku thelathini, kisha zikafutika zenyewe. Kavinya anazisoma zote, moja moja, akifuata mistari kwa kidole. Mkopo wa haraka. Viatu nusu bei. Mtu asiyemjua anayedai kumwachia urithi. Leo hamna kitu. Anajifuta viganja kwenye leso, halafu anafungua tena kuhakikisha.

"Mtu akinitazama atadhani nimerukwa na akili," anasema. "Kila asubuhi nachokora takataka. Lakini humu ndimo nilimowatupa watu."

Leo ni Jumanne, na Jumanne kwake imekuwa siku ya wasiwasi. Kabla ya saa nne, Tryphena Mkawasi atakuwa ameshuka kutoka Werugha, kule milimani, na magunia yake ya kabichi na karoti. Atawagawia wateja wake sokoni, kisha atapita hapa kuuliza swali lile lile analoliuliza tangu Januari. Kavinya ana la kumwambia. Amekuwa nalo wiki tatu, hajalisema.

Kavinya ana miaka thelathini na saba na mtoto mmoja, Mumo, aliye darasa la sita. Alizaliwa hapa Voi, kwa wazazi waliohamia kutoka Ukambani. Kazi ya kompyuta aliianzia kwa ufagio: alikuwa akisafisha saiba ya mtu, akawa anachungulia wenzake wanavyofanya, mpaka siku moja mwenye duka akaugua na yeye ndiye akabaki mezani. Leo duka ni lake. Siku nzuri hubaki na shilingi mia tisa mkononi. Siku mbaya hata pesa za bando la intaneti hazitoki.

Usidhani kilichompa jina ni kupiga kopi. Kopi kila mtu anapiga. Watu humfuata Kavinya awapangie simu.

Kupangiwa ni hivi. Unaleta simu yako inayokusumbua, anakuuliza unaitumia kwa lipi hasa, kisha anaikalisha kwa matakwa yako. Matangazo yanayokurukia usoni anayafunga. Picha anaziamuru zisifunguke mpaka uziguse, ili bando lako lisiliwe bila kujua. Video zinazojicheza zenyewe anazinyamazisha. Mambo unayoyatafuta kila siku anakuwekea vitufe mbele kabisa, kwa majina unayoyaelewa wewe: Karo, Hospitali, Bei ya Mahindi.

Mzee Miraj, aliyestaafu kazi ya reli na ambaye macho yake sasa ni ya kubahatisha, aliwekewa herufi nyeupe nene kama vidole juu ya weusi. Siku hiyo alisoma habari peke yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akakataa kuondoka dukani mpaka azimalize. Kwa kazi hiyo Kavinya alimtoza shilingi hamsini.

"Intaneti imeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine," anasema Kavinya. "Mimi napunguza hapa, naongeza pale, ikutoshe wewe."

Hapo mtu angedhani mambo yake ni shwari. Na yalikuwa shwari, mpaka alipojipangia mwenyewe.

Wateja wake wengi hawana barua pepe. Wana simu za kabambe, zile za kupiga na kupokea tu, na fomu za siku hizi haziendi mbele bila anwani. Kwa hivyo kukawa na desturi: asiye na anwani huandikiwa ya duka. Kavinya humwingiza jina kwenye daftari, naye mteja hupita baada ya siku kadhaa kuuliza kama amejibiwa. Daftari hilo lina majina sabini na moja, ya watu wa Voi, Mwatate, Rukanga na milimani.

Anwani inayotumiwa na watu sabini ni lango lisilo na komeo. Matapeli waliingia. Novemba iliyopita, mzee mmoja alisoma kwenye kompyuta ya duka barua iliyompongeza kwa kushinda zawadi, akatuma shilingi elfu nane za kuifuatilia. Hakuna zawadi iliyokuja. Wanawe walimjia Kavinya juu, wakasema duka lake ndilo lililomponza baba yao.

Kavinya hakulala vizuri juma hilo. Mwishowe akakata shauri kuweka chujio. Barua pepe ina sehemu ya kuipa amri: barua ya namna fulani ikija, ipeleke mahali fulani bila kuniuliza. Aliketi, akasoma barua zote za matapeli alizowahi kupata, akagundua zinaanza karibu sawa. Akaandika amri yake. Kila barua yenye neno hongera, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, iende moja kwa moja kwenye pipa la taka.

Lilifanya kazi barabara. Sanduku likawa safi, matapeli wakatoweka, naye akajisifu kimoyomoyo. Akasahau kabisa kwamba chujio lipo.

Miezi saba baadaye, mapema mwezi uliopita, aliingia Bi Mwanaesha, muuza vitambaa wa mtaa wa pili. Alikuwa ameomba nafasi kwenye mafunzo ya wanawake wafanyabiashara. Hakuwa na ugomvi, alikuwa na swali.

"Mwanangu, wenzangu wote wameitwa," alisema. "Nimepiga simu huko kwenyewe, naambiwa barua yangu imeletwa tangu juma lililopita. Imeletwa wapi basi, kama si kwako?"

Kavinya alimwapia kwamba hakuna barua. Alimgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Kisha, ili tu kumridhisha mama wa watu, akafungua pipa la taka. Barua ilikuwa humo, ina siku tisa. Neno lake la kwanza lilikuwa hongera.

"Nililikumbuka chujio," anasema, na hata sasa mkono wake unashika ukingo wa meza. "Nilielewa papo hapo kwamba si barua moja. Ni kila barua nzuri. Za kukataliwa zilipita zote, kwa sababu hazina hongera. Miezi saba nimekuwa nikiwapa watu mabaya, mazuri nayatupa."

Bi Mwanaesha aliwahi mafunzo yake. Chujio lilifutwa siku hiyo hiyo, na barua nyingine mbili zilizokuwa hazijatimiza siku thelathini zikaokolewa. Zilizotangulia zilikwisha kufutika, na hakuna awezaye kuzirudisha.

Hapo ndipo daftari lilipogeuka deni la aina nyingine. Kavinya alianza jina la kwanza, akapiga simu, akakiri, akamwomba mtu aje na neno lake la siri wakaangalie pamoja kwenye tovuti alikoombea. Wengi hawakuwa wamepoteza kitu. Wanane walikuwa wameitwa mahali bila kujua, na watatu kati yao walichelewa. Donald, mkulima wa Rukanga aliyekosa mafunzo ya ufugaji nyuki, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu bila kuaga. Kavinya anasema afadhali angemtukana.

Amewafikia sabini. Amebaki mmoja, aliyemruka kwa makusudi kila ukurasa ulipofunguka.

Tryphena ana miaka ishirini na minne. Alimaliza sekondari akiwa na alama nzuri, akarudi shambani kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Januari aliomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja nje ya kaunti, hapa hapa, kwenye kiti kile cha plastiki cha buluu. Kavinya ndiye aliyemjazia fomu. Tangu hapo kila Jumanne amekuwa akiuliza, na kila Jumanne Kavinya amekuwa akimjibu hakuna, kwa moyo mweupe kabisa, mpaka siku ile ya Bi Mwanaesha.

Jumanne mbili zilizofuata Tryphena hakushuka, mvua iliharibu barabara. Wiki iliyopita alikuja. Kavinya alimtazama usoni akamwambia mtandao uko chini.

"Haukuwa chini," anasema polepole. "Hata hilo litabidi nimwambie."

Saa nne kasoro dakika kumi, Tryphena anaingia. Amevaa viatu vya mpira vyenye udongo mwekundu wa mlimani, na mkononi ana kabichi moja aliyomtengea mwenye duka, kama kawaida yake.

"Kuna chochote, Mama Mumo?"

Kavinya anainuka, anaurudisha mlango, anamsogezea kile kiti cha buluu. Anamwambia kuna jambo amemkosea. Kisha analimwaga lote kwa pumzi moja, matapeli, chujio, pipa, siku thelathini, huku akiipindapinda ile leso mpaka inakuwa kamba. Tryphena anaiweka kabichi chini, anavuta kibodi, anaandika neno lake la siri kwa vidole viwili.

Ukurasa unazunguka. Mtandao wa Voi asubuhi si wa kuaminika, na leo unajikokota kuliko siku zote. Kavinya ameshika kifua. Midomo yake inatembea, na anayemjua atakwambia anasali.

Unafunguka. Jina ni lake, namba ni yake. Chini yake mistari mitatu. Amekubaliwa. Barua ilitumwa tarehe sita Machi. Hakuthibitisha ndani ya siku ishirini na moja, kwa hivyo nafasi imefungwa.

Tryphena anasoma mara ya kwanza, anasoma mara ya pili.

"Kwa hivyo nilipita," anasema.

"Ulipita."

"Mimi nilimwambia mama sikufaa. Nikamwambia amuuze yule ndama tuliyemweka kwa ajili ya karo, maana hakuna aliyenitaka." Anagusa kioo kwa kidole chenye udongo kwenye kucha. "Kumbe walinitaka."

Kavinya analia. Hajifichi wala hajifuti. Tryphena halii. Anamgeukia na kumuuliza, kwa sauti ya chini sana, kama Jumanne iliyopita alikuwa anajua habari ya chujio.

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

"Nilijua," Kavinya anamjibu. "Mtandao haukuwa chini. Niliogopa."

Nje mtu anagonga mlango akitaka kopi ya kitambulisho, hajibiwi, anaenda zake.

Kilichobaki, alichokiandaa kabla hata ya kujua jibu, Kavinya anakieleza kama mtu anayevuka daraja la mbao bovu, akipima kila hatua. Maombi ya kundi la Septemba yanafunguliwa Jumatatu. Ameandika barua ya kueleza kosa, kwamba ni lake na si la mwombaji, ameitia sahihi na namba yake ya kitambulisho. Ameiandika mara nne na kuichana mara tatu. Amepiga simu chuoni, akaambiwa aje ana kwa ana na mwombaji, barua itapokelewa lakini haahidiwi kitu. Nauli ya wote wawili ameitenga. Wataondoka Ijumaa, Tryphena akikubali.

Tryphena anaisoma barua hiyo kwa makini kama anayekagua karoti za mtu mwingine. Anasema atakwenda. Hasemi amemsamehe, na Kavinya hamuulizi.

Kisha Kavinya anafungua droo na kutoa simu. Ni yake ya zamani, kioo kina ufa kwenye pembe, aliyokuwa akiitumia kufanyia majaribio. Ameipanga tangu juzi. Mbele hakuna kitu ila vitufe viwili vikubwa, kimoja Barua, kingine Chuo. Hakuna matangazo, hakuna chujio. Barua yoyote ikiingia, inalia, na yenye hongera inalia kwa sauti ya peke yake na kukaa juu kabisa.

"Ni yako," anamwambia. "Nimekufungulia anwani yako mwenyewe. Ya duka usiitumie tena."

Tryphena anaigeuza simu mkononi, anauangalia ufa, anabonyeza kitufe cha kwanza.

"Nitaichukua," anasema. "Lakini neno la siri nitaweka mwenyewe. Wewe geuka."

Kavinya anageuka. Anasimama akiutazama ukuta wenye kalenda ya mwaka jana, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosa, akisikiliza vidole vya mwenzake vikigonga kioo nyuma ya mgongo wake. Inachukua muda. Mara moja Tryphena anakosea, anaanza upya, naye Kavinya anauma mdomo asiseme lolote.

Baada ya Tryphena kuondoka, Kavinya anafungua daftari. Analipiga mstari jina la sabini na moja, lakini si mstari mzima, nusu tu, hadi Septemba. Kwenye jalada amebandika karatasi: kuanzia mwezi huu hakuna mtu atakayeandikiwa anwani ya duka, kila mmoja atafunguliwa yake na kufundishwa kuilinda, asiye na simu atafungulia hapa bure. Anajua kazi itakuwa nyingi na watu watalalamika. Anajua pia chuo kinaweza kukataa.

Anaiokota kabichi pale chini ilipoachwa, anaiweka mezani kando ya kompyuta. Ukimuuliza anatarajia nini, hataji duka kubwa wala kompyuta mpya.

"Natamani Jumanne moja Tryphena apite hapa mlangoni akiharakisha," anasema, "anisalimie tu, asiniulize kitu, kwa sababu ameshajua kabla yangu."