Aliniambia Mgongo Unamuuma, Nikampa Jerikeni

Nimekosa, na sitaki mtu anisaidie kulipamba kosa langu. Jina langu liacheni. Mimi ni mke na mama, nakaa kijijini upande wa Oyugis, na ukinikuta kanisani Jumapili utadhani mimi ni mtu mwema.

Mwaka jana mama mkwe wangu alifariki. Huku kwetu, mazishi ya mama mkwe ndiyo mtihani wa wake wa boma. Watu wanakuja kulia, ndiyo, lakini wanakuja pia kuangalia: nani anasonga ugali, nani anateka maji, nani amekaa tu. Na kwa kuwa nimeolewa na mtoto wa kwanza, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa jiko. Nilijifunga leso kiunoni tangu alfajiri, nikaapa hakuna mgeni atakayetoka pale akisema wake wa boma letu ni wavivu.

Akoth, na hilo si jina lake, ni mke wa shemeji yangu mdogo. Wanakaa Ogwedhi, mumewe ananunua na kuuza ng'ombe sokoni. Walikuwa wamekaa miaka saba bila mtoto, na boma zima lilikuwa limeshasema yote ya kusema. Sisi wawili tuliitana nyieka, kama wake wa ndugu wanavyoitana kwa Kijaluo. Alikuwa ananipenda. Hilo ndilo linalonimaliza!

Asubuhi ya mazishi alinijia pale motoni, akaongea kwa sauti ya chini.

"Nyieka, leo mgongo inanikata sana. Nipe kazi ya kukaa. Nitachambua mchele, nitakata sukuma wiki, kitu yoyote."

Wanawake kama kumi walikuwa wanasikia. Ningeweza kusema sawa. Sawa tu! Mchele wenyewe ulikuwa pale kwenye ungo, haujaguswa.

Nilicheka. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mgongo ya nini? Umebeba nani? Hata mtoto mmoja hajawahi kulala kwa hiyo mgongo!"

Wengine walicheka na mimi. Wengine waliinamia sufuria. Akoth aliniangalia kidogo tu, kisha akachukua jerikeni la lita ishirini na kushuka kisimani. Alienda mara nne. Najua ni nne kwa sababu nilikuwa namchunga asikwepe.

Acha niseme roho yangu ilikuwa wapi, si kwa kujitetea. Nilipoolewa, mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi minne. Mama mkwe, huyo huyo tuliyekuwa tunamzika, alisimama mlangoni nikiwa bado kitandani, akaniambia, "Kwa hii boma hatulalii kitu kama hiyo. Maji imeisha." Nikaamka. Nikateka maji siku hiyo hiyo. Sikulia. Na baadaye, aibu gani hii, nikaanza kujivunia! Kila msichana aliyeolewa hapa nilimsimulia: mimi niliteka maji siku hiyo hiyo. Uchungu wangu nikaufanya kipimo cha kuwapimia wenzangu, na hakuna aliyewahi kufika.

Mchana, wageni wakiwa kwenye mahema wanakula, nilimkuta Akoth nyuma ya jiko. Amekaa kwenye jiwe, ameshika tumbo. Na hata hapo, Mungu wangu, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Sasa umekuja kujificha huku?"

Akasema, "Nyieka, inatoka."

Sikuelewa. Kisha nikaona leso yake imeloa damu, nikaelewa yote mara moja. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Huku kwetu mimba changa haitangazwi, sembuse na mwanamke aliyesubiri miaka saba huku macho ya watu yakiwa tumboni kwake. Aliyejua ni mumewe peke yake. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la mgeni mmoja, lakini mtoto hakubaki.

Daktari alisema mimba ingeweza kuharibika hata bila yale majerikeni. Watu wananirudia na maneno hayo ili nipate kutulia. Hayanitulizi! Daktari hakuwa jikoni. Hakusikia nilichomwambia mwenzangu mbele ya wanawake kumi.

Baada ya wiki mbili nilifunga safari hadi Ogwedhi na kuku mkononi, kuomba msamaha. Akoth alinipa kiti, akanimiminia chai. Na mimi, mjinga mimi, badala ya kuomba nikaanza kujitetea.

"Nyieka, ungeniambia tu uko na mimba, haki ya Mungu ningekuachia ukae. Mimi ningejuaje?"

Aliweka kikombe chini.

"Nilikuambia mgongo inauma," akasema. "Hiyo haikutosha? Lazima mtu akuonyeshe mimba ndio umwachie akae? Na kama ningekuwa nimechoka tu?"

Nikainuka kuaga. Alinisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na tangu siku hiyo haniiti nyieka tena. Ananiita mama, kama anavyomwita mtu yeyote wa sokoni. Nyumba yao hapa bomani ina kufuli, na nyasi zimefika dirishani. Mume wangu akimpigia ndugu yake simu, wanaongea mambo ya mvua tu.

Siku niliyorudi kutoka Ogwedhi nililala kitandani mchana kweupe, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu niolewe. Nikalia. Nilianza nikimlilia mtoto wa Akoth, kumbe namlilia wangu. Miaka ishirini na miwili! Hakuna aliyewahi kuniambia pole, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiambia. Akoth aliponijia pale motoni alikuja kuomba kitu ambacho sikuwa nacho ndani.

Msidhani nimepona. Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya jirani, mke mmoja aliyeolewa juzi tu alikaa chini kabla ugali haujaiva, na mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Niliufunga kwa nguvu.

Kwa hivyo wewe unayesimamia jiko, au duka, au nyumba yako tu, nisikilize. Mtu akikuambia amechoka, usimdai ushahidi. Na wewe ukichoka, kaa chini kabla hujageuka kuwa mimi! Mpe mwenzako mchele achambue. Wangu ulikuwa pale kwenye ungo, hatua mbili tu kutoka aliposimama, na ulikaa asubuhi nzima bila mtu wa kuuchambua.